Polipi Yenye Kansere: Karatasi ya Labo Ndiyo Inayoonyesha Njia



Juma hili tunaleta habari ambayo wengi wetu tunaona haya kuizungumza, hata dada na dada yake. Ni habari ya utumbo mkubwa, ile sehemu ya mwisho ya matumbo ambamo choo hukaa kabla ya kutoka. Juu ya kansere ya maziwa na ya kizazi tumekwisha kujifunza kusema wazi. Lakini mtu akiona damu katika choo, ananyamaza. Anasema ni amibe. Anasema ni hemoroide, au ni pilipili ya jana. Ananunua vidonge sokoni, anakunywa maji ya majani, na mwaka unapita.

Tumechagua kusema juu ya jambo moja tu katika ugonjwa huo: polipi yenye kansere. Tumelichagua kwa sababu hapo ndipo kansere hii inaweza kupona kabisa, na hapo pia ndipo jamaa huchanganyikiwa. Munganga mmoja anasema, "Tumekwisha kuitoa, mgonjwa arudi nyumbani." Mwingine anasema, "Lazima apasuliwe." Jamaa inabaki katikati, baba anauliza kama wauze shamba, bibi mzaa chema anasema kisu hakitagusa mtu wake. Wanganga hao wawili wanaweza kuwa wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mgonjwa wake. Kinachotenganisha mgonjwa na mgonjwa ni karatasi moja ya labo. Ndiyo tunataka kila mama ajue kuiomba, kuitunza na kuiuliza maswali.

Polipi ni nini

Polipi ni kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, juu ya ngozi yake laini. Watu wengi wanakuwa nazo wakizeeka, na nyingi hazileti kansere. Lakini aina moja, inayoitwa adenoma, inaweza kugeuka. Haigeuki kwa usiku mmoja. Mara nyingi inachukua miaka kama 10 au zaidi kutoka polipi ndogo mpaka kansere. Katika miaka hiyo yote mtu halii, hakondi, anapika, analima, anauza sokoni. Mwili haumwambii kitu, au unamwambia kwa damu kidogo tu.

Kuna maumbo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kama uyoga: lina kichwa, na lina shina linalokishika kwenye ukuta wa utumbo. La pili halina shina. Limelala juu ya ukuta kama chapati iliyoshikamana na kikaango. Tofauti hii si ya kupamba maneno. Kansere ikianzia katika kichwa cha uyoga, ina safari ndefu ya kushuka shina kabla haijafika ukutani. Ikianzia katika ile iliyolala, safari ni fupi sana, maana chini yake ni ukuta wenyewe. Na ndani ya ukuta ndimo mnamopita mishipa midogo inayoweza kubeba mbegu za kansere mpaka kwenye tezi, kisha kwenye ini na mapafu.

Munganga wa labo wa Marekani, Rodger Haggitt, ndiye aliyeandika jambo hili vizuri pamoja na wenzake mwaka 1985. Aliweka ngazi kwa polipi ya uyoga: kansere iliyo katika kichwa, iliyofika shingoni, iliyo katika shina, na ile iliyokwisha kuvuka shina na kuingia ukutani. Mpaka leo wanganga wanatumia ngazi zake. Kansere iliyobaki juu, katika kichwa na shingo, ni mara chache sana kukuta imetuma mbegu mbali. Iliyoingia ukutani ni habari nyingine.

Kutoa bila kupasua tumbo

Zamani, polipi iliyo juu katika utumbo ilitaka tumbo lifunguliwe. Mwaka 1969, katika mji wa New York, wanganga William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuzitoa kwa njia nyingine. Walipitisha mpira mrefu wenye taa kupitia njia ya haja kubwa, na ndani ya mpira huo wakapitisha kitanzi cha waya. Kitanzi kinashika shina la polipi, moto wa umeme unakata na kufunga damu kwa mara moja. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kolonoskopi. Mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo siku moja kabla, na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hapa kwetu kolonoskopi haiko katika kila kituo cha afya. Inatafutwa katika hospitali kubwa za miji. Kwa hiyo mtu akiipata, isipotee bure kwa sababu ya kitu kidogo. Na kitu kidogo kinachopoteza yote ni hiki: kinyama kilichotolewa hakikupelekwa labo.

Wamama, sikilizeni vizuri hapa. Munganga anayetazama kwa macho hawezi kuapa kama polipi ina kansere au haina, wala kama kansere imekatwa yote. Lazima kinyama kiwekwe katika formoli, katika chupa iliyoandikwa jina la mgonjwa, tarehe, na sehemu ya utumbo kilipotoka. Kisha labo inakikata vipande vyembamba na kukitazama kwa mikroskopu. Mara nyingine jamaa yenyewe ndiyo inapewa chupa kuipeleka mji mwingine. Isimwagwe, isiongezwe maji, isikae wiki nyingi juu ya kabati kwa kungoja feza. Afadhali kundi likopeshe feza za labo leo kuliko kukopesha za kilio kesho.

Na ombi lingine dogo kwa munganga: polipi ikiwa kubwa au ya mashaka, atie alama ya wino mahali alipoitoa. Ikiwa baadaye lazima mgonjwa apasuliwe, mpasuaji ataona mahali pale bila kubahatisha.

Maswali manne kwa karatasi ya labo

Karatasi ikirudi na neno kansere, moyo unashuka. Ni kawaida. Lakini neno lile peke yake halitoshi kuamua. Sisi walimu tunawaambia watoto wasome swali lote kabla ya kujibu, na hapa ni vilevile. Tuulize mambo manne.

La kwanza: mahali pa kukatia ni safi? Labo inapima nafasi kati ya kansere na ukingo wa kisu. Ikiwa kuna nafasi ya milimita 1 au zaidi isiyo na kansere, ni neno jema. Ikiwa kansere inagusa ukingo, au ikiwa polipi ilitoka vipandevipande na ukingo haujulikani, basi huenda kitu kimebaki.

La pili: seli zake ni za namna gani? Kuna kansere ambayo seli zake bado zinafanana na seli za kawaida za utumbo. Hiyo huenda polepole. Kuna ambayo seli zake zimeharibika kabisa hata hazifanani na kitu. Hiyo ni kali.

La tatu: imeingia katika mishipa midogo ya damu au ya limfu? Ikiwa imeingia, barabara imekwisha kufunguliwa.

La nne: imeshuka kiasi gani? Katika polipi ya uyoga tunauliza ngazi za Haggitt. Katika ile iliyolala tunauliza imeingia milimita ngapi chini ya ngozi laini. Ikivuka milimita 1, wanganga huanza kuwa na wasiwasi.

Majibu yote manne yakiwa mema, kutoa polipi ndiyo dawa yenyewe. Mgonjwa huyo hahitaji kupasuliwa, wala hahitaji dawa kali za kansere. Lakini jibu moja likiwa baya, mazungumzo mengine yanaanza.

Kupasua au kungoja

Mgonjwa mwenye jibu baya, mwenye nguvu na moyo mzuri, kwa kawaida wanganga humshauri kupasuliwa. Mpasuaji anaondoa kipande cha utumbo palipokuwa polipi, pamoja na tezi ndogo zinazokizunguka, kisha anaunga ncha mbili. Tezi hizo zinapelekwa labo pia. Zikiwa safi, kazi imekwisha, na dawa kali hazihitajiwi. Zikiwa na kansere, mgonjwa hupewa dawa hizo kwa miezi kama 3 mpaka 6 kusudi kansere isirudi.

Wengi wanaogopa wakifikiri watatoka na mfuko wa choo tumboni maisha yote. Kwa kansere ya juu katika utumbo mkubwa, mara nyingi sivyo. Utumbo unaungwa tena. Ni kwa ile iliyo chini kabisa, karibu na njia ya kutokea, mfuko unaweza kuhitajiwa, kwa miezi michache au kwa daima. Na huko chini kuna njia nyingine ya katikati: kukata mahali pale tu kupitia njia ya haja, bila kufungua tumbo, kwa kansere ndogo ya chini iliyochaguliwa vizuri. Mtu aulize kabla ya kukataa.

Sasa tuseme ukweli unaoumiza. Kati ya watu 10 ambao kansere yao imeingia kidogo tu katika ukuta wa utumbo, karibu mmoja tu ndiye mwenye kansere katika tezi. Tisa wengine, tezi zao ni safi. Hatari inaongezeka kwa wale wenye majibu mabaya, na inashuka sana kwa wale wenye majibu mema. Ina maana kwamba wengi wanaopasuliwa, mpasuaji hakuti kitu. Je, walipasuliwa bure? Hapana, kwa sababu hakuna mtu aliyejua mbele ni nani yule mmoja. Lakini kupasuliwa nako kuna hatari zake: utumbo ulioungwa unaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza, damu inaweza kuganda katika miguu na mapafu.

Kwa mama wa miaka 45 mwenye watoto shuleni na mwili wenye nguvu, mizani mara nyingi inaelekea kupasuliwa. Kwa koko wa miaka 82 mwenye moyo mgonjwa na sukari, kupasuliwa kunaweza kumwua mbele ya kansere. Huyo wanganga wanaweza kumshauri kungoja na kuchunguzwa, na hilo si kumtupa. Jamaa isione aibu kuuliza: "Kwa mtu wetu huyu, na miaka yake hii, hatari gani ni kubwa zaidi, ya kisu au ya kungoja?" Munganga mzuri hatachukia swali hilo. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe. Mara nyingi sana tunaona jamaa inakaa sebuleni kuamua, na mama mwenye mwili yuko jikoni.

Kungoja hakuna maana ya kusahau. Aliyetolewa polipi yenye kansere bila kupasuliwa huambiwa arudi kutazamwa mahali pale baada ya miezi 3 mpaka 6, kisha tena kufuata mpango wa munganga. Aliyepasuliwa hutazamwa tena baada ya mwaka 1, kisha miaka 3 baadaye, kisha 5, ikiwa kila mara ni safi. Tarehe hizo ziandikwe katika kitabu cha kundi kama tunavyoandika zamu za likirimba.

Watu wanapona?

Ndiyo, na wengi. Hesabu za Marekani zinasema hivi: kansere ya utumbo mkubwa ikikutwa ingali mahali ilipoanzia, watu karibu 9 kati ya 10 wangali hai baada ya miaka 5. Ikiwa imefika kwenye tezi au viungo vya karibu, ni karibu 7 kati ya 10. Ikiwa imefika kwenye ini au mapafu, hawafiki 2 kati ya 10. Hesabu hizo ni za nchi yenye hospitali nyingi na bima. Lakini ngazi ya kushuka ni ileile kila mahali. Polipi yenye kansere iko juu kabisa ya ngazi hiyo. Ndiyo sababu tunasema: anayekutwa hapo amebahatika, hata kama yeye analia.

Tuchukue watu wawili wanaojulikana na dunia. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa na miaka 74 mwezi wa 7 mwaka 1985 wanganga walipokuta polipi kubwa katika utumbo wake. Haikuwezekana kuitoa kwa kitanzi. Walimpasua tarehe 13, wakaondoa kipande kirefu cha utumbo, na labo ikasema kulikuwa na kansere ndani ya polipi. Haikuwa imetawanyika. Alimaliza muda wake wa kutawala, akaishi miaka karibu 19 tena, akafa mwaka 2004 akiwa na miaka 93, na si kansere ile iliyomwua.

Wa pili ni Pelé, mchezaji wa mpira wa Brazili ambaye baba zetu walimpenda. Yeye alitolewa kansere ya utumbo mwezi wa 9 mwaka 2021. Baadaye ilionekana imefika viungo vingine, na alikufa tarehe 29 Desemba 2022, akiwa na miaka 82. Wote wawili walikuwa na wanganga wazuri na feza. Kilichowatofautisha ni umbali ambao kansere ilikuwa imetembea.

Wakati wa kwenda kupimwa

Damu katika choo inaweza kweli kuwa amibe au hemoroide. Mtu atibiwe hayo mara moja, kwa kupimwa choo, si kwa kubahatisha sokoni. Lakini damu ikirudi baada ya dawa, asirudie vidonge vilevile mara ya tatu. Aombe munganga ampime zaidi. Vilevile choo kilichobadili desturi yake kwa majuma mengi, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yasiyoisha, na kukosa damu mwilini. Hili la mwisho tunalisisitiza: mwanamke aliyekwisha kuacha kuona mwezi, akikutwa amepungukiwa damu, asipewe tu vidonge vya chuma. Iulizwe damu inatokea wapi.

Ikiwa baba, mama, kaka au dada alipata kansere ya utumbo, wengine wa nyumba hiyo wanapaswa kuangaliwa mapema, kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yao alipatwa. Kuna jamaa ambamo ugonjwa huu unatembea katika damu. Si uchawi, na hakuna mtu wa kushutumiwa. Kwa kweli ndiyo sababu mgonjwa hapaswi kuficha: akisema, anaokoa wadogo zake.

Kuhusu chakula, tunayo mali mikononi. Denis Burkitt, munganga mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba watu wa vijijini Afrika walikuwa na kansere hii mara chache sana, na aliona sababu katika chakula chao chenye makapi mengi. Maharagi, sombe, lengalenga, matembele, mahindi yasiyokobolewa: tusiviite chakula cha maskini. Soseji na nyama za mkebe zisiwe za kila siku. Tangu 2015 Shirika la Afya la Dunia, kupitia idara yake ya kansere, limeweka nyama za namna hiyo kati ya vitu vinavyoleta kansere. Pombe na tumbako nazo zina sehemu yao. Lakini chakula kizuri hakitoi polipi iliyokwisha kuota. Hiyo inatolewa na munganga.

Kwa makundi yetu tunaomba mambo mawili juma hili. Kwanza, katika kasha la msaada tutenge kisehemu kwa ajili ya vipimo vya labo, maana feza za labo ndizo jamaa hukosa baada ya kulipa hospitali. Pili, kila kundi lichague mama mmoja anayejua kusoma karatasi za hospitali, awasindikize wengine na aandike majibu ya yale maswali manne. Mgonjwa mwenye hofu hasikii vizuri. Anayekaa kando yake husikia kwa ajili ya wawili.

Karatasi ya labo isitumiwe kuwashia makaa wala kufungia karanga. Iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba, mahali ambapo watoto wakubwa pia wanaweza kuipata.